Jina la Mwisho Kwenye Kamba

Kanisa letu halimo kwenye picha za watalii. Liko pembezoni mwa Mji Mkongwe, limebanana na ghala la magodoro, na mtu akipita bila kuambiwa atadhani nalo ni ghala. Waumini ni wachache kiasi kwamba mtu akikohoa nyuma, wa mbele anamjua bila kugeuka. Wengi wetu babu zetu walikuja Unguja kutoka bara kwa kazi za mikono, wakazikwa hapa, na sisi tukabaki na makabila yao na lafudhi ya mtaa wa Jang'ombe.

Tuna desturi moja ambayo sijaiona kwengine. Majilio, yale majuma manne kabla ya Krismasi, yakianza, kamba inafungwa kutoka nguzo ya kulia hadi ya kushoto, na kila Jumapili kinatundikwa kitambaa chenye jina la Mwokozi. Emanueli. Mshauri wa Ajabu. Baba wa Milele. Mfalme wa Amani. Kabla kitambaa hakijapanda, mwalimu anasimama na kueleza maana ya jina, na watu wanaitikia amina. Jina la mwisho, Masihi, linasubiri asubuhi ya Krismasi. Hilo ndilo watu wanalolijia, na akina mama hata hulivalia vitambaa vipya vya kichwa.

Mwalimu huyo nilikuwa mimi. Kazini nafundisha jiografia sekondari, kanisani nilifundisha majina, na niseme kweli, majina niliyapenda zaidi. Nilikuwa na daftari gumu lenye jalada la bluu ambalo ndani yake kila jina lilikuwa na kurasa zake, na kila mwaka niliongeza. Nilijiona hodari. Nilipenda ule ukimya unaokuja watu wanapokutegea sikio.

Vitambaa alivishona mama. Bafta nyeupe, herufi nyekundu, mshono wa mkono, kwa sababu alisema cherehani haiheshimu kona. Mama hakusoma sana. Mimi nilimchorea herufi kwa chaki, yeye akafuata na sindano, na kila tulipofika jina jipya aliweka kazi chini akaniuliza maana yake. Hashoni neno asilolijua, alisema. Kwa hiyo mwanafunzi wangu wa kwanza alikuwa yeye, amekaa kwenye mkeka, miwani imeshuka hadi ncha ya pua.

Mwaka ule, mwezi wa Agosti, alianguka akichambua mchele. Kiharusi. Upande wa kulia ulikufa wote, mdomo ukapinda, na maneno yakawa yanatoka nusu nusu. Hospitali walimrudisha nyumbani na maelekezo. Ageuzwe kila baada ya saa mbili. Ngozi ikandwe kwa mafuta, hasa mgongoni, kiunoni na visiginoni, la sivyo atapata vidonda vya kulala, na vidonda hivyo kwa mtu wa umri wake ni hatari. Muuguzi aliyasema hayo akiniangalia mimi, akanitaka nimrudishie kwa mdomo wangu. Nikamrudishia bila kukosea.

Siku ya pili yake, bila kuitwa, jirani yetu wa nyumba ya pili aliingia na ndoo na kanga mbili begani. Huyu ni mwanamke mtu mzima, Muislamu, mkandaji anayejulikana mtaa mzima. Wazazi wengi wa Jang'ombe wakishajifungua huitiwa yeye awakande. Yeye na mama walikuwa mashoga tangu mimi sijazaliwa. Wakati wa Idi sahani ya pilau ilitoka kwake ikaja kwetu, Krismasi ikatoka kwetu ikaenda kwake.

"Shikamoo, bi," nilimwambia.

"Marahaba, mwanangu. Toka hapo nimkoshe mwenzangu."

Nikatoka. Hivyo ndivyo mambo yalivyopangika, na sikuyapinga. Asubuhi alikuja kumuosha mama, na jioni, akishasali alasiri, alikuja kumkanda. Mafuta aliyapika mwenyewe kwa tui la nazi, akayatia karafuu chache, na nyumba nzima ikawa inanukia. Mama alishika saa kwa adhana. Ikisikika ya alasiri tu, aliugeuza uso mlangoni na kusubiri. Nilikuwa nikisikia nyuma ya pazia wanavyozungumza, mmoja kwa maneno na mwengine kwa miguno, wakicheka mambo ya ujana wao ambayo mimi sikuambiwa.

Mimi nilimlisha uji. Nilimnunulia dawa. Nilimbadilishia shuka pale ilipobidi, haraka haraka, uso nimeugeuza pembeni, kisha nikanawa mikono mara mbili. Nilijiambia kwamba mwanamume hamshiki mama yake mwili, kwamba ni adabu, kwamba ni heshima. Lilikuwa neno zuri, heshima. Nilikaa ndani yake miezi minne mizima.

Mwezi wa Novemba nilikuwa naandika mezani, chumba cha mbele, daftari la bluu limefunguliwa kwenye ukurasa wa Masihi. Jirani alitoka nyuma ya pazia akijifuta mikono, akaniuliza naandika nini. Nikamwambia.

"Masihi tunamjua sie," alisema. "Isa bin Mariam. Nyinyi mnasemaje, kwa nini kaitwa hivyo?"

Nikafurahi kuulizwa. Nikamweleza kwamba maana yake ni aliyepakwa mafuta, kwamba zamani wafalme na makuhani walimiminiwa mafuta kichwani, na kwamba Kristo ni jina lilo hilo kwa lugha nyengine.

"Na nani kampaka?"

"Mungu."

"Mie chuoni, tulipokuwa tunasoma Kurani, mwalimu wetu katufunza vyengine. Kasema kaitwa Masihi kwa kuwa akiwapangusa wagonjwa kwa mkono wake, wanapona."

Nikatabasamu lile tabasamu la darasani. Nikamwambia, kwa upole mkubwa, kwamba hapo mwalimu wake aliteleza, kwa sababu jina linamhusu anayepakwa, si anayepaka. Alinitazama, mikono yake bado inang'aa mafuta ya mama yangu. Akasema, "Haya, mwalimu, weye ndo msomi," akaenda zake. Nikaandika mazungumzo yale daftarini kama mfano wa makosa ya kawaida.

Siku mbili kabla ya Krismasi, asubuhi, alikuja amevaa buibui na mkoba mkononi. Kaka yake alikuwa amefariki Makunduchi.

"Nnakwenda msibani," aliniambia. "Ntarudi siku ya tatu, tukishasoma hitima. Asubuhi hii nshamkosha, nshampaka. Jioni na siku zinazofuata ni weye."

Nikampa pole. Akaniita nyuma ya pazia. Alikuwa ameleta chupa imejaa hadi shingoni, akaiweka dirishani mahali ambapo jua lingeyapasha mafuta. Akanionesha: unaanza miguuni unapanda, hukandamizi, unamgeuza ubavu, unamtia mkono mgongoni hapa, na hapa, na hapa. Mama alilala akinitazama. Kisha jirani alinishika mkono, akanimiminia mafuta kidogo kiganjani.

"Usimwogope," alisema. "Ni mamaako."

Alipogeuka kuchukua mkoba wake, niliyafuta mafuta yale kwenye suruali. Sijui kama mama aliona. Nadhani aliona.

Sasa nieleze zile siku, na nisitafute pa kujificha. Shule ilikuwa imefungwa, kwa hiyo sina hata kisingizio cha kazi. Jioni ya kwanza nilimpigia simu kiongozi wa akina mama wa kanisa, nikamwomba watu wawili waje kumkanda mama. Akasema, mwalimu, tumo kwenye mazoezi ya kwaya, na mapambo hayajaisha, tutakuja kwa wingi baada ya sikukuu. Wewe tuandalie jina. Nilikata simu nikiwa nimekasirika nao, na hasira ile ilinifaa, kwa sababu nilirudi nayo mezani nikahisi kwamba deni ni lao. Walikuwa wameshawahi kuja mara moja, mwezi wa Septemba, na sabuni na sukari, wakapiga picha wamemzunguka mama kitandani. Mama alijaribu kufunika mdomo wake kwa mkono wa kushoto.

Jioni ya pili ilikuwa mkesha wa Krismasi. Adhana ya alasiri ilisikika, nikasikia kitanda kikilia. Nikachungulia. Mama alikuwa ameutoa mkono wa kushoto nje ya shuka, kidole kinaelekea dirishani.

"Pa," alisema. "Paka."

"Kesho, mama. Namalizia jina."

Akaendelea kunyoosha kidole. Nikajifanya sikuelewa, nikamletea maji. Akanywa. Nikarudi mezani.

Nimejiuliza mara nyingi kilichonizuia, na nimejaribu kukiita kwa majina mengi: haya, heshima, uchovu, uoga. Neno lenyewe ni kinyaa. Niliona kinyaa. Ile ngozi iliyolegea, harufu ya ugonjwa chini ya harufu ya karafuu, na mguu uliokufa ambao ukiunyanyua unabaki vile vile unavyouacha. Mwili ulionibeba uliniudhi, basi. Na badala ya kuingia mle ndani nikiwa na kinyaa changu nifanye kazi, nilikaa chumba cha mbele nikaandika sentensi ambayo nilijua itawaliza watu.

Asubuhi ya Krismasi nilimlisha, nikamwomba mpangaji wa chumba cha uani amsikilizie, nikavaa shati jeupe. Kanisa lilijaa. Niliposimama, ukimya ule nilioupenda ulikuja wenyewe. Nikaanza na wafalme na makuhani. Nikasema mafuta hayakuwa manukato ya kujipamba, bali alama. Kisha nikafika kwenye sentensi yangu. Nikasema kwamba kumpaka mtu mafuta ni kumwambia mbele ya watu wote kuwa yeye si wa kutupwa.

Mwanamke mmoja mbele alishika kifua. Watu walisema amina, wakarudia. Sentensi hiyo niliipata jana yake, baada ya adhana ya alasiri, kidole cha mama kikiwa bado kimenyooshwa.

Nikapanda kwenye kigoda kutundika kitambaa. Herufi za mama zilikuwa karibu na macho yangu, mshono mdogo mdogo, kona zote zimeheshimiwa. Nilishuka, mzee wa kanisa akanikumbatia. "Laiti mama yako angekusikia," alisema. "Tunamwombea."

Nilifika nyumbani mchana na sahani ya pilau niliyofungiwa na akina mama. Viatu vya jirani vilikuwa mlangoni. Hitima ilisomwa asubuhi, na hakungoja jioni. Amevuka kisiwa na msiba wake mpya, na kabla hajafungua mlango wa nyumba yake alikuja kwetu.

"Mwalimu," aliita kutoka nyuma ya pazia.

"Naam."

"Njoo hapa."

Alikuwa amemgeuza mama ubavu. Chini ya mgongo, pale aliponionesha kwa kidole chake mwenyewe, palikuwa na duara jekundu la kuingia kiganja, na katikati yake ngozi ilikuwa imeondoka, panatoa maji. Shuka ilikuwa imeganda hapo. Nilisimama na sahani yangu ya pilau.

"Ulimpaka?"

"Nilimpaka," nilisema.

Aliinua macho akatazama dirishani. Chupa ilikuwa pale pale, imejaa hadi shingoni, jua limeingia ndani yake. Mimi pia niliitazama. Sote wawili tuliitazama, na bado sikubadilisha neno langu. Akamwinamia mama.

"Shoga yangu. Kakupaka mwanao?"

Mama alinitafuta kwa macho. Alichukua muda, kwa sababu alilala upande mbaya na ilimbidi ageuze shingo. Alinitazama mimi, si jirani. Kisha akatikisa kichwa juu na chini.

"Ka," alisema. "Kapaka."

Yeye ambaye neno moja lilimgharimu jasho, ambaye kuomba maji kulimchosha, alilitafuta lile neno akalitoa. Alilitoa kwa ajili yangu. Nilikasirika naye hapo hapo, nikasema kimoyomoyo kwamba heri angenishitaki, na mpaka leo kuna siku naamka nimemkasirikia. Angesema hapana, ningepata pa kuanzia.

Jirani alisema, "Haya." Sauti yake haikupanda wala kushuka. Hakuigusa chupa ya dirishani. Alikwenda kwake, akarudi na nyengine, akaanza miguuni akapanda.

Kesho yake nilimwomba anifundishe upya. Alisema, "Palipochanika hapatiwi mafuta, mwanangu. Sasa ni bandeji, na bandeji ni kazi ya muuguzi." Basi tukawa tunampeleka kliniki, na kidonda kikawa kinakwenda ndani badala ya kufunga. Mama alifariki ndani ya Kwaresima. Daktari alitaja moyo, umri na damu. Hakuna aliyetaja kidonda. Nataja mimi.

Akina mama wa kanisa walikuja kumuosha, kwa wingi kama walivyoahidi. Waliona kila kitu alichokuwa nacho mgongoni, na walitoka wakinishika mabega wakisema, mwalimu, umeteseka. Mchungaji alisema kaburini kwamba vijana waje kwangu wajifunze namna ya kumtunza mzazi. Jirani alikuwepo. Alisimama nyuma kabisa, nje kidogo ya duara la watu wetu, amevaa buibui, na nilimtazama nikingoja angalau atikise kichwa. Hakutikisa. Alimlilia shoga yake.

Wiki moja baadaye alikuja kunisaidia kusafisha chumba. Alikunja shuka, akaondoa godoro, akafagia chini ya kitanda. Mwisho akaitoa chupa dirishani, akaipangusa vumbi kwa upindo wa kanga, akaniwekea mkononi.

"Hii yako," alisema.

Tangu siku ile ananisalimu vizuri, ananiuliza hali, na Idi sahani yake ya pilau imekuja kama kawaida. Hilo ndilo ninaloshindwa kulibeba. Angenitukana ningejua nijibu nini.

Krismasi iliyopita mzee wa kanisa alinifuata mapema. Akasema jina la mwisho ni langu kama kawaida. Nikasema koo linanisumbua. Wakampa binti mmoja aliyerudi karibuni kutoka chuo cha ualimu bara, naye akaja nyumbani kuniomba mwongozo. Ningeweza kumwambia hapo hapo, mezani, pazia la chumba cha mama liko nyuma yake. Nikampa daftari la bluu.

Asubuhi ile nilikaa nyuma, upande wa ukuta wa ghala. Binti alisoma vizuri kuliko mimi. Alieleza wafalme, akaeleza makuhani, hata akataja kosa la kawaida la kudhani kwamba Masihi ni yule anayewapangusa wagonjwa kwa mkono wake, akalisahihisha kwa upole mkubwa. Kisha akafika pale. Alisema kwamba kumpaka mtu mafuta ni kumwambia mbele ya watu wote kuwa yeye si wa kutupwa. Amina ilitikisa mabati. Akapanda kwenye kigoda akatundika kitambaa. Uzi umeanza kulegea kwenye herufi ya kwanza, na hakuna aliyebaki anayejua kuushona.

Aliposhuka hakurudi kukaa. Alisema maneno haya si yake, ni ya mwalimu wetu, ambaye mwaka uliopita aliyaishi nyumbani kwake kwa mikono yake, kando ya kitanda cha mama yake. Akaniomba nisimame wanione.

Kanisa zima liligeuka. Wengine walikuwa wanalia. Walinyamaza wote wakinitegea sikio, ule ukimya wenyewe, na nilijua kwamba sitapewa mwengine. Chupa ilikuwa nyumbani, kabatini, imejaa, mafuta yake yameshageuka harufu. Mdomo wangu haukupinda. Maneno yote ninayo.

Nikasimama, nikasema amina.